Muda wa Bunge Ulikwisha

Mijadala ya umri wa kuolewa nchini ina jambo moja la ajabu: wanaopingana wamekubaliana bila kujua. Anayetaka vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 viondoke hulilaumu Bunge kwa kusuasua. Anayetaka vibaki hulisifu Bunge kwa kutokurupuka. Wote wawili wanachukulia kwamba mahakama ilimaliza kazi yake kwa kutoa maoni, na kwamba msichana wa miaka 15 ataendelea kuozeshwa kihalali mpaka siku ambayo wabunge, hapa Dodoma, wataitikia ndiyo. Mtazamo huu umezoeleka kiasi kwamba mawakili huurudia, wanaharakati huurudia, na serikali ikiulizwa hujibu kwamba maoni ya wadau bado yanakusanywa. Mimi naupinga. Unaigeuza Katiba kuwa ombi, na unaiacha sheria ya kibaguzi itumike hata baada ya muda wake kwisha. Tena umelelewa na mahakama zetu zenyewe, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa hodari wa kuutambua ubaguzi na nzito katika kuuondoa.

Tuanze na shauri lenyewe. Kifungu cha 13 kinamtaka mvulana awe na miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana anaweza kuolewa akiwa na 15, na mahakama inaweza kuruhusu ndoa ya mwenye 14 kukiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinataka msichana ambaye hajafikisha 18 apate ridhaa ya baba, au ya mama ikiwa baba amefariki. Mwaka 2016 mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo mbele ya Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam, na tarehe 8 Julai mwaka huo mahakama ikasema vinakiuka Katiba. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Hoja zake zilikuwa kwamba tofauti ya umri ilikuwa maafikiano kati ya mila, desturi na dini, na kwamba watunga sheria walikuwa na nia njema ya kulinda heshima ya wanawake. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo. Mahakama Kuu ilikuwa imeipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha vifungu hivyo na kuweka miaka 18 kwa wote. Hata ukianza kuhesabu siku ya hukumu ya rufaa, wala si siku ya hukumu ya kwanza, mwaka huo ulikwisha Oktoba 2020. Marekebisho hayakufanyika.

Baada ya hapo watu wengi hufunga faili na kusema tusubiri. Lakini agizo la kumpa mtunga sheria muda halikuanguka kutoka mbinguni. Lina makao yake katika Katiba, Ibara ya 30(5). Ibara hiyo inaipa mahakama hiari: badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, inaweza kuipa serikali au mamlaka nyingine nafasi ya kurekebisha kasoro kwa muda na kwa namna itakayotajwa. Kisha ibara inasema jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Katika kipindi hicho sheria itahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe, au hadi muda uliowekwa umalizike, na kati ya hayo mawili linalozingatiwa ni lile linalotangulia. Kwa hiyo uhalali wa kifungu kilichoonekana kuwa cha kibaguzi ni uhalali wa kuazima. Una tarehe ya kurudishwa. Tarehe ikifika na marekebisho hayapo, hakuna kinachokishikilia tena kifungu hicho zaidi ya mazoea ya wanaokisoma. Atakayesema kwamba hukumu haikuandika kuwa vifungu vitakufa baada ya mwaka ataambiwa kwamba haikuhitaji kuandika, kwa kuwa Katiba ilikwisha kuandika.

Pingamizi la kwanza na la haki ni hili: vifungu vikiondoka bila kingine kuchukua nafasi yao, je, hatutabaki bila umri wa ndoa kabisa, hali ambayo ni mbaya kuliko ya mwanzo? Ningeliogopa pingamizi hilo kama mahakama ingalikuwa imesema tu kwamba vifungu ni vibaya. Haikufanya hivyo. Ilitaja umri wa kuweka badala yake. Zaidi ya hapo, tangu 1984, sheria iliyopitishwa pamoja na Hati ya Haki za Binadamu ilizielekeza mahakama kuzisoma sheria zilizokuwapo kwa marekebisho yatakayozifanya ziafikiane na Katiba. Jaji James Mwalusanya aliutumia uwezo huo Februari 1990 akiwa Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa mtu wa nje, na ndugu wa ukoo akataka mauzo yabatilishwe kwa kuwa mila iliyoandikwa ilimpa mwanamke haki ya kulitumia tu, si ya kuliuza. Jaji hakuliandikia Bunge barua. Alitamka kwamba tangu siku hiyo wanawake na wanaume wa ukoo wana haki sawa za kurithi na kuuza, na mauzo yakasimama. Ikumbukwe kwamba wakati ule Ibara ya 13(5) haikuwa hata imetaja jinsia miongoni mwa misingi ya ubaguzi iliyokatazwa. Neno hilo liliingizwa mwaka 2000. Jaji mwenye zana chache alimaliza kazi. Wenye zana zote wanasubiri muswada.

Tabia ya kusubiri ilitoka wapi, basi? Nadhani chimbuko lake linaonekana vizuri zaidi ukiyaweka pamoja mashauri mawili yaliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka mmoja, 2006. La kwanza lilihusu takrima. Sheria ya Uchaguzi ilikuwa imeruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa chakula na vinywaji, na serikali iliitetea ruhusa hiyo kwa hoja kwamba ukarimu ni mila ya Mwafrika. Majaji watatu waliipima: wakaona kwamba kwa vitendo inampa nafasi mgombea mwenye fedha na kumweka pembeni mgombea maskini, wakaifuta. Mila haikuwa ngao. Shauri la pili lilikuwa la wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na mashemeji baada ya waume zao kufariki. Walipinga kanuni za urithi katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, ambazo zinamweka binti daraja la tatu nyuma ya kaka zake, na kumnyima mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, kwa maelezo kwamba fungu lake ni watoto wake watakaomtunza. Mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua. Kisha ikakataa kuzigusa, ikisema mila haiwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama na kwamba ikikubali moja, makabila yote yataleta zao. Ikapendekeza halmashauri za wilaya zirekebishe. Wajane walikata rufaa, wakangoja miaka minne, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka. Machi 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania imekiuka haki zao.

Yaweke mashauri hayo mawili mezani na uniambie tofauti. Yote yalihusu kanuni iliyoandikwa kisheria na kuvishwa vazi la mila. Yote yalipita kipimo kilekile cha Ibara ya 13, na katika yote kipimo kilionyesha ubaguzi. Tofauti pekee iliyobaki ni aliyeumia: mgombea ubunge katika moja, mjane katika lingine. Sisemi kwamba majaji walikusudia hivyo. Nasema kwamba katika shauri la pili maswali mawili yalichanganywa. Swali la kama sheria inabagua ni la kupima; swali la nini kifanyike baada ya kupima ni la tiba. Hofu ya ukubwa wa tiba haipaswi kumfanya hakimu aahirishe kumtibu aliye mbele yake, na hasa pale ambapo Ibara ya 30(5) ilitungwa kwa ajili ya hofu hiyohiyo. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na woga kama huo Oktoba 2004 katika shauri la Bhe, lililohusu kanuni ya mila iliyompa mwanamume mkubwa wa ukoo urithi wote. Iliifuta, na kwa kuwa haikutaka familia zibaki hewani, ikaagiza sheria ya kawaida ya mirathi itumike huku ikisubiri Bunge. Miaka miwili tu kabla ya wajane wetu kuambiwa waende halmashauri, njia ilikuwa imeshaonyeshwa.

Hapa mtetezi wa mtazamo unaotawala atasema naidharau mila. Hebu tuangalie mila ipi. Tangazo Na. 436 halikutungwa na wazee chini ya mbuyu, wala halikupigiwa kura na Bunge lolote. Ni tangazo la gazeti la serikali, zao la mradi wa kuunganisha mila za makabila yanayohesabu ukoo kuumeni, mradi ambao kazi yake kubwa ilifanywa na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mila inayoishi hubadilika mtu anapobadilika; iliyochapishwa 1963 hukaa palepale hata kama wenye mila wamekwisha kuiacha. Mzee anayetaka kumgawia binti yake shamba anazuiwa na karatasi, si na mababu. Halafu angalia kinachotokea katika nyanda za kati. Wagogo nao huhesabu ukoo kuumeni, na zamani shamba la uwele la kijiji kikavu halikuwa na bei ya kugombaniwa. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, maeneo kama Mtumba, Ihumwa, Nala na Iyumbu yamepimwa viwanja, na ardhi ya familia imekuwa fedha. Mjane anayekosa fungu leo hakosi debe la uwele. Anakosa mtaji wa maisha yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Lakini kiwanja cha jiji hakiko tena chini ya sheria ya vijiji, na mgawanyo wa mirathi huamuliwa kwanza kwenye kikao cha ukoo, ambako mwenye karatasi ya 1963 ndiye huzungumza kwa sauti.

Pingamizi zito zaidi kuhusu umri wa ndoa ni kwamba kutofautisha si kubagua. Msichana hupevuka mapema, wanasema, na sheria inayotambua maumbile haimdhulumu mtu. Ni kweli kwamba si kila tofauti ni ubaguzi. Likizo ya uzazi ni tofauti na haimwonei mwanamume. Ibara ya 13(5) yenyewe inaruhusu hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Ndiyo maana mahakama inahitaji kipimo, haitoshi kuwa na hisia. Marekani wana ngazi tatu: sheria inayotenga kwa rangi hupimwa kwa ukali kabisa, inayotenga kwa jinsia hupimwa kwa ukali wa kati tangu 1976, na nyingine hupita zikiwa na sababu yoyote ya maana. Sisi hatuna ngazi hizo, na kwa maoni yangu hatuzihitaji. Mahakama ya Rufani, katika mashauri ya Daudi Pete na Kukutia Ole Pumbun mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilitupa kipimo kimoja chenye meno: sheria inayobana haki ya msingi isiwe ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kupita kinachohitajika kwa lengo halali. Kipime kifungu cha 13 kwa hicho. Lengo lililodaiwa ni kumlinda msichana. Kinga iko wapi, ikiwa anayetoa ridhaa ni baba ambaye huenda ndiye anayepokea mahari? Na ulazima uko wapi, ikiwa ulinzi wenyewe ni kumtoa msichana shule na kumpa majukumu ambayo kaka yake wa umri uleule anaambiwa hajayaweza? Hatua ya kurekebisha tatizo humwongezea mtu nafasi. Hii inampunguzia, na kupevuka kwa mwili hakubadilishi hesabu hiyo.

Tena Katiba haitazami tu maneno ya sheria. Ibara ya 13(2) inakataza sharti la kibaguzi liwe la dhahiri au kwa matokeo yake, na Mahakama ya Rufani ilionyesha mwaka 2002, katika shauri la Ndyanabo, kwamba inajua kutazama matokeo. Sheria ilimtaka mpinga matokeo ya uchaguzi aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla shauri lake halijasikilizwa. Iliandikwa kwa wote, lakini mlango ulifungwa kwa asiye nacho, na mahakama chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta ikaifuta. Tumia jicho hilohilo kwenye ndoa. Mwaka 2016 Bunge liliirekebisha Sheria ya Elimu na kufanya kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari kuwa kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 30. Uamuzi mzuri; lakini ukiuweka pamoja na kifungu cha 13 unapata nchi ambayo msichana wa miaka 16 mwenye sare analindwa, na mwenzake aliyeshindwa kuendelea na shule anaozeshwa. Aliyeshindwa kuendelea ni nani kwa kawaida? Ni wa kijijini, wa nyumba maskini, wa mahali ambako mvua ikikosa chakula hukosa. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulikuta kwamba kitaifa wanawake 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18. Kwa Dodoma walikuwa 51, Tabora 58, Shinyanga 59. Kifungu kimoja, lakini uzito wake umetua katikati ya nchi na magharibi yake.

Limebaki pingamizi la demokrasia: majaji hawakuchaguliwa, na Bunge likipuuzwa litajibu. Hili lina ushahidi, tena wa hapa Dodoma. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, aliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Bunge liliharakisha kubadili Katiba kuufunga mlango huo. Juni 2010, suala hilo lilipoifikia, Mahakama ya Rufani ilijitoa, ikisema suala ni la kisiasa na liamuliwe na Bunge. Wengi husoma historia hiyo kama onyo kwa majaji. Naisoma kinyume. Mwaka 1994 Bunge lililazimika kufanya kazi yake hadharani, kwa theluthi mbili, na kila mbunge akahesabiwa upande aliosimama. Mwaka 2010 halikulazimika kufanya chochote, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika kule Arusha ikaamua kwamba haki zilivunjwa. Kama wabunge wanaamini kwamba binti wa miaka 15 anapaswa kuozeshwa, njia wanayo: wabadili Ibara ya 13 waseme hivyo mbele ya wapiga kura. Demokrasia haijawahi kumaanisha kwamba kimya cha Bunge kinashinda Hati ya Haki ambayo Bunge lenyewe liliiingiza katika Katiba.

Wala hatuna sababu ya kuamini kwamba jamii huporomoka mahakama inapoamua. Mwaka 1983, kabla hata ya Hati ya Haki, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi huo uligusa kila nyumba nchini, na leo hakuna hakimu wa mahakama ya mwanzo asiyeujua. Sheria ya Ndoa yenyewe ilikuwa mabadiliko ya juu kwenda chini: ilitoka kwenye waraka wa serikali wa 1969, ikapingwa vikali, ikapita.

Tofauti kati ya kusubiri na kutosubiri si ya nadharia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, inahesabu kuwa ni ubakaji kumwingilia msichana chini ya miaka 18 hata akiridhia, isipokuwa awe mke mwenye miaka 15 au zaidi. Chukua mshtakiwa anayesimama mbele ya hakimu wa wilaya Chamwino au Kondoa na kujitetea kwamba binti wa miaka 16 ni mke wake, mahari ilipokelewa, baba aliridhia. Kwa mtazamo unaotawala, hakimu atafungua Sheria ya Ndoa, atakikuta kifungu cha 13 kimechapishwa, na utetezi utasimama. Kwa usomaji ninaoutetea, hakimu ataanza na Ibara ya 30(5), atasoma tarehe ya hukumu ya Mahakama ya Rufani, ataongeza mwaka mmoja, na kuuliza kama ndoa hiyo ilifungwa kabla au baada. Ikiwa ni baada, hapakuwa na ndoa, na mwendesha mashtaka ana kesi. Hakuna muswada unaohitajika kwa hesabu hiyo. Kinachohitajika ni mwendesha mashtaka wa kuijenga hoja na hakimu wa kuiandika, ili ikipingwa ipande hadi Mahakama ya Rufani, ambayo itatakiwa kusema waziwazi kama mwaka mmoja iliouacha usimame ulikuwa na mwisho.